Je, mawazo ndiyo yanayoning'oa nywele?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 37, ni msimamizi wa ghala hapa Temeke. Mwezi wa kwanza baba yangu alifariki, na gharama za msiba nilizibeba kwa mikopo ya kausha damu ambayo hadi leo sijaimaliza. Tangu mwezi wa nne nywele za kichwani zinatoka nikipitisha mkono, naziona hata kwenye foronya, na ngozi ya kichwa inawasha na kutoa mba kama unga. Kisogoni nina vipele vya siku nyingi, ila hivyo havinisumbui sana. Mke wangu anasema ni mawazo. Kinyozi anasema ni mapunye. Duka la dawa walinipa tyubu, nikapata nafuu wiki moja tu. Kaka yangu ana upara, naye ananiambia nikubali urithi. Nani mkweli kati yao, na je, nywele zitaota tena?

Jibu: Marahaba ndugu yangu, na pole sana kwa kufiwa na mzee.

Mke wako amesema kweli, ingawa si kweli yote. Kinyozi karibu hakika amekosea, kaka yako huenda ana nusu ya ukweli, na ile tyubu ni ya kuachwa leo hii. Lakini kilichonifanya nikujibu kwa kirefu ni vile vipele vya kisogoni, ambavyo umevitaja kwa sentensi moja na kusema havikusumbui. Nywele zinazokutisha, zile za kwenye foronya, zina nafasi kubwa ya kurudi zenyewe. Za kisogoni ndizo zinazoweza kupotea zisirudi kabisa, na mgonjwa wa aina yako mara nyingi hunifikia akiwa amechelewa kwa sababu alikuwa ameangalia upande mwingine wa kichwa.

Nianze na hilo la mawazo. Kila unywele kichwani mwako una kalenda yake, isiyofuata ya jirani yake. Hukua kwa muda wa miaka miwili hadi sita, kisha kinyweleo kinachouzalisha husinyaa kwa wiki mbili au tatu, halafu hupumzika kwa miezi mitatu hivi, na mwisho wa mapumziko hayo unywele wa zamani huchomoka na kuupisha mpya. Kwa kuwa kila kimoja kina zamu yake, kwa mtu mwenye afya takriban nywele tisa katika kila kumi huwa zinakua na moja imepumzika, na kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida ambalo wengi wetu hatulioni kamwe. Mwili ukipata mshtuko mkubwa, iwe ni homa kali, upasuaji, njaa au huzuni nzito, zamu hizo huvurugika: nywele nyingi zilizokuwa zinakua hupelekwa mapumzikoni kwa mkupuo mmoja. Hazianguki siku hiyo, kwani hubaki zimeshikilia hadi mapumziko yaishe, ndipo zipukutike kwa pamoja miezi miwili au mitatu baada ya tukio lenyewe. Ulizika mwezi wa kwanza, nywele zikaanza kutoka mwezi wa nne. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nimuunge mkono mke wako kabla hata sijakuona.

Hali hii huitwa telojeni efluviamu, jina alilolitumia daktari wa ngozi wa Marekani Albert Kligman mwaka 1961, na kuchelewa kwake ndiko kunakowapoteza watu wengi. Mtu huanza kupukutika nywele katika mwezi ambao mambo yameanza kutulia, hivyo hulaumu kilicho karibu: maji ya kisima kipya, mafuta aliyobadilisha juzi, mashine ya kinyozi. Ninapomhoji mgonjwa simuulizi wiki hii imekuwaje. Ninachukua kalenda ya ukutani, ninarudisha kurasa tatu nyuma, na kumwomba anisimulie mwezi ule mmoja.

Mawazo hufikaje kwenye unywele? Ubongo ukihisi hatari huziamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zimwage kortisoli na adrenalini kwenye damu. Kwa dakika chache homoni hizi husaidia, lakini zikikaa juu kwa wiki nyingi huanza kuathiri kazi ambazo mwili unaziona si za dharura, na kuotesha nywele ni mojawapo. Mwaka 2021 watafiti wa maabara ya Ya-Chieh Hsu katika Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha kazi waliyoifanya kwa panya. Waliona kwamba homoni ya msongo haivigusi moja kwa moja vile vichipukizi vya seli vinavyoanzisha unywele mpya, bali huyazuia mazingira ya chini ya kinyweleo yasitoe protini iitwayo GAS6, ambayo ndiyo inayoviamsha. Panya walioondolewa tezi hizo walipumzika muda mfupi zaidi, wakaota nywele mara kwa mara. Panya si mtu, wala sikusimulii haya ili ukatafute dawa ya kushusha kortisoli mtandaoni, kwani wapo wanaoiuza na ni maji ya rangi tu. Ninayasimulia ili ujue kwamba mke wako hasemi jambo la kufikirika.

Hata hivyo, neno "mawazo" lina ubaya wake katika chumba cha daktari: ni rahisi kulisema, na likishasemwa uchunguzi hufungwa. Ninavyojua mimi, msiba hauji peke yake. Katika wiki zile za matanga ulikula nini, na ulilala saa ngapi? Ulipungua kilo ngapi tangu Januari? Kupungua uzito kwa haraka na kukosa protini kunatosha kabisa kuleta hali hii bila huzuni yoyote. Uliugua homa, malaria au dengi? Homa kali ni miongoni mwa visababishi vya wazi kuliko vyote, na baada ya UVIKO-19 tuliwapokea wengi waliopukutika nywele miezi miwili mitatu baada ya kupona. Umekuwa ukitafuna mirungi ili ukeshe na kusahau njaa, au kumeza dawa za maumivu kila siku kwa ajili ya kichwa kinachogonga? Hili la mwisho si swali la pembeni. Dawa nyingi za maumivu huchubua tumbo na kulifanya livuje damu kidogo kidogo, madini ya chuma yakaisha mwilini, na upungufu wa chuma nao hupukutisha nywele. Mwanaume hana hedhi, kwa hiyo chuma chake kikipungua kuna mahali damu inapotokea, iwe ni kidonda cha tumbo, safura au jambo zito zaidi, na mahali hapo lazima patafutwe. Ukimpa vidonge vya chuma na kumwambia aache mawazo umemtibu nusu.

Jambo jingine linalohitaji kunyooshwa ni lugha yetu wenyewe. Watu husema "nywele zinakatika" kwa mambo mawili yasiyofanana. Unywele uliokatika umevunjika njiani: ncha zake zote mbili ni kavu, urefu wake ni vipande vipande, na tatizo lake ni dawa ya kulainisha, joto, rangi au kuchana kwa nguvu. Unywele uliong'oka umetoka mzima na mwisho wake una kijitone cheupe, kidogo kuliko chembe ya chumvi. Chukua taulo jeupe kavu, lisugue kichwani taratibu asubuhi kabla ya kuoga, kisha liangalie kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona nywele nyingi zenye kile kitone cheupe, zinang'oka. Wapo wanaokiona kitone hicho wakapigwa na butwaa, wakidhani mzizi umetoka na hapo hapataota tena. Sivyo. Kitone hicho ni mwisho wa unywele uliokwisha kupumzika, na kinyweleo kimebaki ndani ya ngozi kikiwa hai.

Kwa wanaume wa Kiafrika upukutikaji huu una ugumu wake wa kuonekana. Mwanamke mwenye nywele ndefu ataziona kwenye kitana na kwenye mkeka. Sisi tunaonyoa kila wiki mbili hatuoni chochote. Nywele ya milimita tatu ikidondoka hupotea kwenye kola ya shati. Anachokiona mwanaume ni ngozi iliyoanza kung'aa kwenye taa ya saluni, na mara nyingi wa kwanza kuiona ni kinyozi, ambaye kwa nia njema humshauri anyoe karibu zaidi ili isionekane. Wewe unaziona kwenye foronya, maana yake ulikuwa umeziacha zikue kidogo, na hilo limetusaidia kujua mapema.

Sasa, zitaota? Ikiwa ni telojeni efluviamu peke yake, ndiyo. Upukutikaji wenyewe kwa kawaida hutulia ndani ya miezi sita tangu uanze, mradi chanzo kimeondoka, na ujazo wa kichwa hurudi polepole katika miezi inayofuata. Polepole hiyo uipime kwa kipimo chetu. Vipimo vilivyolinganisha watu wa asili mbalimbali vimeonyesha kuwa nywele za Kiafrika hurefuka kwa takriban robo ya milimita kwa siku, yaani milimita nane hivi kwa mwezi, wakati za watu wa asili ya Ulaya hukaribia milimita 12. Nywele zetu pia ni chache zaidi katika kila sentimita ya ngozi, ingawa kujipinda kwake huzifanya zionekane nyingi. Kwa hiyo ukisoma kwenye kurasa za Ulaya kwamba nywele hurudi baada ya muda fulani, ongeza subira. Na chanzo kama hakijaondoka, yaani mdai anapiga simu kila asubuhi na usingizi ni wa saa nne, upukutikaji unaweza kuvuka miezi sita ukawa wa kudumu kwa kupanda na kushuka. Hata hapo mtu hafikii upara, ila nywele hubaki nyepesi.

Tuje kwenye mba. Unga huo pamoja na muwasho unaelekea kuwa ugonjwa wa mba wa mafuta, ambao chanzo chake ni fangasi aitwaye Malassezia. Fangasi huyu huishi kwenye ngozi ya kila mtu mzima na hula mafuta yanayotolewa na tezi za vinyweleo. Anachokosana nacho ni kinga yetu, nayo kinga hupoteza utulivu mtu anapokosa usingizi na kuelemewa. Ndiyo maana wenye mba husimulia kwamba hulipuka wakati wa mitihani, msiba au kesi. Kwenye vitabu vingi imeandikwa kuwa ngozi huwa nyekundu, na kwa ngozi nyeusi maelezo hayo huwapotosha hata wahudumu wa afya. Kwetu huonekana kama mabaka yaliyofifia, meupe kuliko ngozi ya jirani, kwenye mstari wa nywele, nyusi, pembeni mwa pua na nyuma ya masikio, yakiwa na magamba yenye mafuta. Msongo wenyewe nao huongeza muwasho, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya ngozi huchokoza seli zinazomwaga histamini. Mtu hujikuna usingizini, kucha huchubua, na nywele ambazo zingebaki nazo zikang'oka.

Tiba yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, ila hufanywa vibaya. Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, au ya seleniamu salfaidi, inapaswa kupakwa kwenye ngozi, si kwenye nywele tu, na kukaa dakika tano kabla ya kusuuzwa, mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, kisha mara moja kwa wiki au kila wiki mbili ili isirudi. Wengi hupaka na kumwaga maji papo hapo, halafu wanasema dawa haifanyi kazi. Na katika muda huo acha kuipaka ngozi ya kichwa mafuta ya nyonyo, ya nazi au ya habasoda. Ninajua hilo ni gumu kulisikia kwa sababu mba ukikauka mkono huenda wenyewe kwenye kopo la mafuta, lakini unamlisha yule yule unayemfukuza. Kitunguu saumu kilichosagwa kisikaribie kabisa. Nimeona kichwa kilichoungua malengelenge kwa usiku mmoja. Niongeze na hili, bila kukutisha: mba mkali usiosikia dawa, ukiambatana na kupungua uzito, ni sababu nzuri ya kupima VVU.

Kinyozi wako aliposema mapunye alitumia jina analolijua. Mapunye ya kichwani ni fangasi wa aina nyingine kabisa, na ni ugonjwa wa watoto wa shule. Kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri ni nadra. Ila tyubu uliyopewa inaweza kuharibu ushahidi. Nyingi kati ya tyubu zinazouzwa kwa ugonjwa wowote wa ngozi zina vitu vitatu ndani yake: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali. Steroidi ndiyo iliyokupa ile nafuu ya wiki moja, kwa sababu inanyamazisha uvimbe na muwasho bila kuuliza chanzo ni nini. Ukiendelea nayo ngozi hukonda, vipele vya chunusi huibuka, na kama kweli ulikuwa na fangasi hujificha akisambaa chini kwa chini. Soma sanduku lake. Ukiona jina linaloanza na "beta" au "clo" na kuishia na "sone" au "sol", mwonyeshe daktari, wala usiipake tena.

Hapo ndipo tunafika kisogoni. Vipele vigumu, vidogo kama punje za mtama, kwenye mpaka wa nywele na shingo, vya miezi au miaka, kwa mwanaume mweusi anayenyoa karibu, ni akne keloidalisi hadi ithibitike vinginevyo. Jina hilo lina makosa mawili, kwa kuwa si chunusi na wala si keloidi ya kawaida. Kinyweleo cha nywele yetu kimejipinda chini ya ngozi, na unywele ukinyolewa hadi kwenye ngozi, ukasuguliwa na kola au mkanda wa kofia ngumu, kinyweleo huvimba. Uvimbe ukidumu kuta zake hupasuka, vipande vya nywele hubaki ndani ya nyama, na mwili huvishambulia kama unavyoshambulia mwiba. Kila shambulio huacha kovu. Mwanzoni vipele ni vitano au kumi na vinaweza kutulia kabisa. Baada ya miaka vinaungana vikawa ukanda mgumu kutoka sikio hadi sikio, unaovuja usaha, na juu yake hauoti unywele hata mmoja, au zinaota nywele tatu nne kutoka shimo moja kama bristo za brashi. Mshituko wa msiba wako haukuleta jambo hili, kwa sababu umesema ni la siku nyingi. Lakini msongo hulichochea kwa njia ya mkono: mtu aliyezama katika fikra hukaa anavitomasa vipele, anavibonyeza, anavichuna, saa nzima bila habari. Jichunguze ukiwa foleni ya daladala au unapopokea simu ya mdai, uone mkono wako wa kushoto uko wapi.

Niliwahi kumtibu dereva wa masafa marefu ambaye kila alipohisi vipele vinawasha alikwenda saluni "kusafisha". Kinyozi alimnyoa kwa mashine isiyo na kitana, akachonga mstari wa kisogoni kwa wembe, akapaka spiriti hadi machozi yakamtoka, na mgonjwa akatoka akihisi ametibiwa. Alifanya hivyo kila Jumamosi kwa miaka mitatu. Alipokuja kwangu ukanda ulikuwa mpana kama vidole viwili, na nywele za mahali pale hatukuweza kuzirudisha, tulichoweza ni kuzuia usaha na kulainisha kovu. Kunyoa huko hadi damu nako ni mlango wa maambukizi, homa ya ini aina ya B ikiwemo, mashine isipotakaswa kati ya mteja na mteja.

Kwa hiyo agizo langu la kwanza kwako halihusu foronya. Kuanzia leo wembe na mashine ya bila kitana visiguse kisogo chako. Mwambie kinyozi aache nywele za eneo hilo zibaki angalau milimita tatu, asichonge mstari, asipitishe kurudi nyuma, na ukubali kwamba kwa miezi michache kisogo hakitakuwa na ule ukingo mkali wa kupendeza. Kofia ngumu ya ghalani huwezi kuiacha, lakini mkanda wake unaweza kulegezwa na kufungiwa kitambaa laini cha pamba kinachofuliwa kila siku. Usivitumbue vipele na usikubali mtu avichanje. Vikiwa vichache, daktari anaweza kuanza na dawa ya kupaka yenye steroidi, safari hii kwa muda na kipimo kinachojulikana, pamoja na retinoidi, dawa ya jamii ya vitamini A. Vikiwa na usaha ataongeza antibiotiki kama doksisaiklini kwa wiki kadhaa. Vikiwa vigumu atachoma sindano ya triamsinoloni, ambayo nayo ni steroidi, ndani ya kipele kila baada ya mwezi mmoja hivi. Upasuaji na leza ni kwa waliochelewa.

Kuhusu kaka yako nitakuwa mfupi. Upara wa kurithi hauletwi na mawazo. Huletwa na vinyweleo vilivyozaliwa na udhaifu mbele ya homoni ya kiume iitwayo DHT, na huanza taratibu kwenye panja na utosini. Ila upukutikaji wa ghafla unaweza kuufichua mapema, kwa sababu vinyweleo vile dhaifu vikiangusha unywele mnene hurudisha mwembamba. Ukiona baada ya mwaka pande zimerudi na utosi haujarudi, kaka yako atakuwa amepata ushindi. Zipo dawa. Minoksidili ya asilimia 5 hupakwa, na huweza kuongeza upukutikaji katika wiki za mwanzo, jambo ambalo huwafanya wengi waiache mapema. Finasteridi ya miligramu 1 humezwa, ikiwa na uwezekano mdogo wa kupunguza hamu na nguvu za kiume, na hushusha karibu kwa nusu kipimo cha damu cha PSA kinachotumika kuchunguza tezi dume. Anayeimeza amwambie daktari wake kabla ya kipimo hicho, hasa kwa kuwa saratani ya tezi dume huwapata zaidi wanaume weusi.

Ungeniandikia kwamba una kiduara kisicho na unywele, laini kama kiganja, cha ukubwa wa sarafu, ningekujibu vingine: huo ni ugonjwa wa kinga kushambulia vinyweleo, msongo huweza kuuchochea, na una tiba yake. Mvi pia zina uhusiano na msongo, na kwa panya imeonyeshwa mwaka 2020 kuwa mishipa ya fahamu inayoamka wakati wa hatari ndiyo inayomaliza seli za rangi. Ninalitaja kwa sababu moja. Wanaume wakiona mvi baada ya kipindi kigumu hukimbilia piko jeusi saluni, ambalo mara nyingi lina kemikali ya parafenilendiamini, na ngozi ambayo tayari ina mba na michubuko huipokea vibaya. Nimepokea watu wenye macho yaliyovimba hadi kufunga. Subiri ngozi ipone.

Vidonge vya bayotini, ile vitamini inayouzwa kama dawa ya nywele, usinunue. Upungufu wake ni nadra kwa mtu anayekula, na kwa dozi kubwa hupotosha vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya shingo na vile vya mshtuko wa moyo. Fedha hiyo nunua mayai, maharage na dagaa.

Nimebakiza chanzo chenyewe. Siwezi kukuandikia dawa ya deni, lakini nimeona kwamba wanaopata nafuu mapema ni wale waliofanya mambo mawili: walimwambia mke au ndugu kiasi kamili cha fedha wanachodaiwa, badala ya nusu yake, na walirudisha usingizi kwa kuizima simu saa tatu usiku. Kama usingizi umekataa kwa zaidi ya wiki mbili, chakula hakipiti, huna hamu ya chochote, au inakujia fikra kwamba ni afadhali usiwepo, hiyo ni sonona na ni dharura kuliko nywele. Nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali iliyo karibu, Muhimbili ikiwemo, siku hiyo hiyo.

Kwa nywele, huhitaji kungoja bingwa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu tangu miaka ya 1990, na katika hospitali nyingi za mikoa yupo aliyepita hapo. Omba picha kamili ya damu, feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini), kipimo cha tezi ya shingo, VVU na kaswende, kwani kaswende nayo hunyofoa nywele kwa mabaka kama nguo iliyoliwa na nondo. Nenda ukiwa hujanyoa kwa wiki mbili na hujapaka kitu kichwani kwa siku mbili, uwe umebeba ile tyubu pamoja na sanduku lake. Na mwombe mke wako akupige picha tatu kwenye mwanga wa mchana, ya utosi, ya paji na ya kisogo, kisha azirudie kila tarehe ya kwanza ya mwezi. Ukimpa daktari simu, mfungulie kwanza ile ya kisogo.